Kemba inasingiziwa: kinachokula matairi ya gari lililoshushwa

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Nina gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele. Nililishusha milimita 40 kwa springi fupi. Miezi michache baadaye matairi ya mbele yakaisha upande wa ndani mpaka nyaya zikaonekana, na upande wa nje bado ulikuwa mzima. Fundi akasema tatizo ni kemba. Nikanunua bolti za kemba, tukasimamisha magurudumu wima kabisa. Nimeweka matairi mapya, na tayari yanaanza kulika ndani tena. Usukani nao umekaa upande, na gari linatangatanga barabara ikiwa na mawimbi. Nirudishe springi za zamani, au kuna vipimo ninavyoweza kumpa fundi?

Jibu: Marahaba. Springi usizifungue bado. Kwa dalili ulizonipa, anayekula matairi yako ni tou, na kitendo cha kugeuza kemba bila kurudi kupima tou kimemwongezea nguvu. Nitakujibu kwa kirefu, maana inaniuma kuona mtu ametii kila alichoambiwa, amelipia vifaa na matairi, na bado anarudi palepale.

Tukubaliane kwanza tunazungumzia nini. Kemba ni ulalo wa gurudumu ukisimama mbele ya gari na kulitazama: sehemu ya juu ikiinamia ndani, kemba ni hasi, ikiinamia nje, ni chanya. Tou ni mwelekeo wa magurudumu mawili ya mbele (au mawili ya nyuma) ukiyatazama kutoka juu. Pua zake zikikaribiana ni tou ya ndani, zikiachana ni tou ya nje. Kuna na kasta, yaani ulalo wa mhimili ambao gurudumu huuzungukia unapokata kona, ukiutazama kutoka ubavuni mwa gari. Kushusha gari sawasawa mbele na nyuma hakuigusi sana, kwa hiyo leo tuiache.

Ukishusha gari, mkono wa chini unaoshika gurudumu hupanda upande wa nje, na gurudumu huinama kidogo kuelekea hasi. Wakati huohuo tairodi, ile fimbo inayotoka kwenye usukani kwenda kwenye gurudumu, nayo inapanda ncha yake ya nje. Tairodi na mkono wa chini havina urefu mmoja wala havianzii sehemu moja, kwa hiyo kila kimoja huchora tao lake. Tofauti ya matao hayo mawili humalizikia kwenye tou. Kuna magari ambayo tou hukimbilia nje, mengine hukimbilia ndani, na kiasi hutofautiana toka muundo hadi muundo. Ndiyo maana hakuna fundi anayeweza kukuambia tou ya gari lako kwa kulitazama. Kemba inaonekana kwa macho kutoka mbali. Tou ya milimita tatu huioni hata ukichuchumaa mbele ya gari. Nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya kemba kusingiziwa: inaonekana, mwenzake haonekani.

Sasa tazama hesabu, maana hapa ndipo penye kiini cha jibu langu. Chukua tairi lenye kipenyo cha milimita 600, ambacho ni cha kawaida kwa gari dogo. Tuseme gurudumu moja limekengeuka milimita 3 kati ya ukingo wake wa mbele na wa nyuma. Kila linapokwenda mita 600, njia ya gari na njia ambayo gurudumu linataka kuifuata zinaachana kwa mita 3. Kwa kilomita moja ni mita 5. Gurudumu haliruhusiwi kwenda linakotaka, kwa hiyo mpira lazima uvumilie mita hizo kwa ubavu, kilomita baada ya kilomita, na magurudumu yote mawili yakivutana. Ukisafiri kilomita 1,000, mpira umeburuzwa pembeni sawa na kilomita 5 nzima. Hakuna tairi linalostahimili hilo.

Kemba ya hasi haifanyi hivyo. Tairi lililoinama digrii moja na nusu bado linabingiria kuelekea mbele. Linachokosa ni usawa wa mzigo tu: bega la ndani linabeba zaidi. Litaisha ndani kabla ya nje, kweli, lakini polepole, na mara nyingi mtu hupata sehemu kubwa ya umri wa tairi lake. Kwa hiyo ninavyoliona mimi ni hivi: kemba huchagua mahali pa kulika, tou huamua kasi. Tou ya nje ikikutana na kemba hasi, bega la ndani linaburuzwa huku limelaliwa na uzito wote. Hapo ndipo nyaya zinapoonekana ndani ya miezi.

Na ushahidi uko kwenye gari lako mwenyewe. Umeiweka kemba sifuri, na bado tairi linaliwa ndani. Ingekuwa kemba ndiyo mkosaji, ulaji ungehama au ungepungua. Tou ya nje hula bega la ndani hata gurudumu likiwa limesimama wima.

Kabla hujamwamini hata mimi, pitisha kiganja juu ya tairi, kutoka ndani kwenda nje, kisha kutoka nje kurudi ndani. Gari liwe limezimwa na tairi limepoa, na usiguse sehemu yenye nyaya zilizotokeza. Ukisikia upande mmoja wa safari laini na upande mwingine mpira unakwaruza kama meno ya msumeno, hiyo ni tou. Tairi lililoliwa na kemba peke yake huwa laini pande zote mbili, limepungua tu kwa mteremko kuelekea ndani.

Kilichotokea ulipofunga bolti za kemba ni hiki. Bolti hizo hukaa pale shokapu inapounganishwa na chuma kinachobeba habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungiwa. Ni nyembamba kuliko za kiwandani na zina sehemu iliyovimba upande mmoja, hivyo ukizizungusha zinasukuma chuma hicho kuinama au kusimama. Lakini tairodi imeshika chuma hichohicho, na urefu wake haukubadilika. Gari ambalo tairodi zake ziko nyuma ya ekseli na juu ya boljointi ya chini (kiungo cha tufe kwenye ncha ya mkono wa chini), ukisukuma kichwa cha gurudumu kwenda nje, tairodi inabaki imezuia sehemu ya nyuma. Nyuma inazuiwa, mbele inafunguka: tou inazidi kwenda nje. Ukitoa digrii moja au zaidi ya kemba kwa njia hiyo, mabadiliko ya tou hayawi madogo. Na kama bolti ya kushoto na ya kulia hazikuzungushwa sawasawa, usukani nao unahama katikati, kama ulivyoeleza. Kutangatanga kwa gari kunatokana na chanzo hichohicho. Magurudumu yenye tou ya nje hayatulii kwenye mstari. Kila wimbi la barabara linahamishia uzito upande mmoja, na gurudumu lililobeba uzito zaidi linalielekeza gari linakotazama lenyewe.

Vipimo ulivyoomba: kwa gari dogo la barabarani lililoshushwa milimita 30 au 40, ningeweka kemba ya mbele kati ya hasi digrii 1 na hasi digrii 1.5. Usiitafute sifuri. Gari likilala kwenye kona, tairi la nje huinuka kuelekea chanya, na kemba hasi kidogo ndiyo inayolifanya likanyage kwa upana wake wote. Umelinyima gari lako mshiko bila kupata faida kwenye tairi. Tofauti kati ya kushoto na kulia isizidi nusu digrii, maana gari huvutwa kuelekea upande wenye kemba iliyo chanya zaidi. Tou ya mbele, jumla ya magurudumu mawili, iwe kati ya sifuri na milimita 1 ya ndani. Tou ya nyuma iwe ya ndani kidogo, milimita 1 hadi 2 kwa jumla, na ilingane pande zote mbili. Tou ya nje kwenye magurudumu ya nyuma usiikubali kwa gari la barabarani: ukipunguza mafuta ghafla katikati ya kona au ukakwepa kitu, mkia unaweza kukutoka.

Lakini vipimo hivi havina thamani kama gari lina ulegevu. Kabla ya mashine yoyote ya kupimia, gari liinuliwe kwa jeki na kukalishwa juu ya stendi imara, kisha kila gurudumu litikiswe juu na chini, kushoto na kulia. Mchezo kwenye tairodi, boljointi au beringi unamaanisha kwamba tou itakayopimwa gari likiwa limesimama siyo itakayokuwepo barabarani. Badilisha kilicholegea kwanza.

Jambo linalosahaulika karibu kila mahali ni bushi za mikono ya chini. Nyingi ni za mpira ulioshikana na chuma ndani na nje, hazizunguki, zinajipinda. Bolti zake zikikazwa gari likiwa limening'inia kwenye jeki, au zikiachwa zilivyokuwa kabla ya kushusha, bushi inabaki imejipinda muda wote. Inalivuta gari, inachanika mapema, na inabadilisha kimo cha gari siku baada ya siku. Bolti hizo zilegezwe, gari likae kwa uzito wake wote juu ya magurudumu, lisukumwe juu na chini mara kadhaa, ndipo zikazwe kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kazi hiyo ifanyike kabla ya kupima chochote. Kama springi ni mpya, zipe kwanza kilomita mia chache zikae.

Siku ya kupima, matairi yawe na upepo sahihi, mizigo isiyo ya kawaida itolewe kwenye buti, na usukani ufungwe ukiwa katikati. Kazi ianzie nyuma, kwa sababu magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoamua gari linaelekea wapi linapokwenda moja kwa moja. Yakitazama kushoto kidogo, utaendesha usukani umepinda milele hata mbele pakiwa safi. Magari madogo mengi yana bimu moja nyuma, yaani chuma kimoja kinachounganisha magurudumu mawili, isiyo na pa kurekebishia. Hapo kinachowezekana ni vipande vyembamba vya chuma vilivyokatwa kwa mteremko, vinavyowekwa kati ya habu na bimu. Kama bimu imepinda kwa kugonga ukingo wa barabara, ibadilishwe. Baada ya nyuma, fundi arudi mbele: kemba, halafu tou. Tou iwe ya mwisho siku zote, kwa sababu kila ulichogusa kabla yake kimeisogeza.

Nikuonye kuhusu mashine za kisasa za kupimia magurudumu. Zinaonyesha rangi ya kijani kipimo kikiwa ndani ya mipaka ya kiwanda, nyekundu kikiwa nje. Mipaka hiyo iliandikwa kwa gari lenye kimo chake cha asili. Kemba yako ya hasi 1.5 inaweza kuwa nyekundu na isiwe na tatizo lolote, na tou inaweza kuwa kijani huku imekaa pembezoni kabisa mwa mpaka, upande wa nje, ikaendelea kula matairi. Omba karatasi yenye namba za kabla na za baada. Usipokee jibu la "tayari imekaa vizuri". Mtaalamu mzuri hachukii kuulizwa namba.

Kama ungependa kuhakikisha mwenyewe, tou inapimika nyumbani kwa nyuzi mbili, na usahihi wake unatosha kabisa. Tafuta sakafu tambarare. Funga uzi kila ubavu wa gari, kwenye kimo cha katikati ya magurudumu, ukishikiliwa na stendi mbele na nyuma ya gari. Nyuzi zote mbili ziwe sambamba. Watu wengi hukosea hapa: hupima kutoka kwenye uzi hadi habu ya mbele na habu ya nyuma, wakazifanya zilingane. Magari mengi hayana upana sawa mbele na nyuma, kwa hiyo umbali huo haupaswi kulingana kwa lazima. Kinachotakiwa ni umbali wa kushoto ulingane na wa kulia kwenye habu za mbele, na vilevile kwenye za nyuma, na nafasi kati ya nyuzi mbili iwe ileile mbele ya gari na nyuma yake. Kisha pima kwa rula kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, na kutoka uzi hadi ukingo wa nyuma. Ukingo wa mbele ukiwa mbali na uzi kuliko wa nyuma, ni tou ya ndani. Ukiwa karibu zaidi, ni tou ya nje. Kumbuka kwamba rimu ya inchi 15 ina kipenyo cha nje cha karibu milimita 400, siyo 600 ya tairi, kwa hiyo milimita 1 kwenye rimu ni milimita 1.5 kwenye tairi.

Magurudumu lazima yaweze kuteleza pembeni unapoyarekebisha, vinginevyo mpira unakamata sakafu na kukudanganya. Bati mbili nyembamba zenye grisi katikati, chini ya kila gurudumu la mbele, zinafanya kazi hiyo. Baada ya kila badiliko lisogeze gari mbele kidogo na kulirudisha, au lisukume juu na chini, ndipo upime upya.

Kwenye tairodi, legeza nati ya kufungia, kisha zungusha fimbo kidogo kidogo. Nyuzi za bolti nyingi za tairodi zina hatua (umbali kati ya uzi mmoja na unaofuata) ya milimita 1.5, na kwa gari dogo robo ya mzunguko huhamisha tou ya gurudumu hilo kwa takribani milimita 2 ukipimia kwenye kipenyo cha tairi. Zungusha kushoto na kulia kwa kiasi sawa, ila pale unapokusudia kurudisha usukani katikati. Hakikisha mpira wa kukinga vumbi haujipindi na fimbo. Kaza nati mwishoni, pima tena baada ya kukaza, na hakikisha nyuzi za kutosha zimebaki ndani.

Kemba ni rahisi zaidi. Kwenye urefu wa milimita 400 wa rimu, digrii moja ni milimita 7 za tofauti kati ya juu na chini ukilinganisha na timazi. Ila sakafu ikiwa na mteremko, itakudanganya: milimita 5 kwenye upana wa gari ni kama digrii 0.2. Geuza gari litazame upande mwingine, pima tena palepale, uchukue wastani.

Swali lako la springi nalijibu sasa. Kwa milimita 40 sioni sababu ya kuzitoa, kama shokapu bado zina mwendo wa kutosha wa kubonyea na mikono ya chini haijapanda mno. Simama kando ya gurudumu utazame mkono wa chini. Ukiwa mlalo au umeshuka kidogo upande wa nje, uko salama. Ikiwa ncha yake ya nje iko juu kuliko ya ndani kwa wazi, umeshapita mahali ambapo muundo wa shokapu moja wa gari dogo unafanya kazi vizuri: gurudumu linapobonyea zaidi litaanza kupoteza kemba hasi badala ya kuiongeza, na gari litalala zaidi kwenye kona ingawa springi ni ngumu. Tairodi nayo itakuwa imepanda mno, na tou itabadilika kila unapopita kwenye tuta, jambo ambalo mashine haiwezi kuliponya kwa sababu inapima gari lililosimama. Katika hali hiyo, ama uinue gari milimita 10 au 15, ama ufunge boljointi na ncha za tairodi zilizotengenezwa kurudisha pembe zake. Ukifunga kimoja bila kingine unaweza kuharibu zaidi, kwa hiyo ukichagua njia hiyo, nunua vyote kwa pamoja.

Bolti za kemba usizitupe. Zirudishe mpaka upate ile hasi 1 hadi 1.5, pande zote sawa, na uzikaze kwa kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji wake, ambacho kwa kawaida ni cha chini kuliko cha bolti za asili kwa kuwa ni nyembamba. Piga alama ya rangi kwenye kichwa cha bolti na kwenye shokapu. Alama zikiachana siku moja, utajua imeteleza, na tou imeondoka nayo.

Kama gari lako lina usukani wa umeme au mfumo wa kuzuia kuteleza, baada ya kazi fundi aiambie kompyuta ya gari upya katikati ya usukani ni wapi. Kama lina kamera ya kusoma mistari ya barabara, nayo ipangwe upya kwa kimo kipya. Taa za mbele zirekebishwe pia.

Haya matairi mapya yaliyoanza kulika, kama bado hayajafika kwenye alama za kikomo, unaweza kuyaokoa. Tairi lisilo na mshale wa mwelekeo wala maandishi ya upande wa nje linaweza kuvuliwa kwenye rimu na kugeuzwa, bega lililoliwa likaenda nje. Lenye mshale unaweza kuligeuza pia, mradi baada ya kugeuzwa lihamie upande wa pili wa gari ili mshale uendelee kutazama mbele. Lenye maandishi ya upande wa nje haligeuzwi. Hilo lihamishie nyuma baada ya tou ya huko kuthibitishwa. Fanya hivyo siku ileile ya alaimenti, yaani ya kupima na kurekebisha kemba na tou, kisha pitisha kiganja tena juu ya mpira baada ya kilomita 1,000.